Shangazi Alivyomkagua Joka

Shangazi yangu alivunjika kifundo cha mguu akiwa juu ya stuli, akibadilisha mapazia chumbani kwake. Daktari akamfunga plasta nyeupe mpaka chini ya goti, akampa magongo mawili, akamkataza ngazi kwa wiki sita. Chumba chake kiko ghorofani na hakifikiki ila kwa ngazi. Jengo letu lina lifti. Basi akaja kwetu na sanduku moja, mto wake mwenyewe, na maswali.

Nilikuwa nimemwonya mke wangu. "Shangazi anapenda kuuliza."

"Nani asiyeuliza?" akanijibu.

Siku ya tatu akanifuata jikoni, akafunga mlango taratibu. "Ameniuliza kwa nini upawa wetu umepinda. Nimeishi na ule upawa miaka saba, sikuwahi kujua kwamba umepinda."

Si kosa lake. Kwa miaka thelathini na mmoja shangazi alikuwa afisa wa forodha uwanja wa ndege. Kazi yake ilikuwa kusimama nyuma ya meza ndefu ya bati na kufungua mizigo ya watu asiowajua. Akiridhika alipiga alama ya chaki kwenye sanduku, na mwenye sanduku akapita. Alipostaafu alirudisha sare na kitambulisho. Jicho hakurudisha.

Mimi ni mchoraji wa ramani za majengo. Wiki nzima nachora milango, ngazi na mabomba. Jumamosi, kuanzia saa nane mchana, nachora mapango. Tuko wanne, na mchezo wetu tumeucheza miaka mitatu kwenye meza ya sebuleni. Mimi ndiye msimulizi: nawaeleza wenzangu wako wapi na wanaona nini. Wao, kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, ameandikwa kwenye karatasi pamoja na silaha zake na udhaifu wake, na ananiambia mtu huyo anafanya nini. Jambo likiwa la bahati, dadu yenye pande ishirini ndiyo inayoamua. Mshindi hakuna. Kuna hadithi tu, na hakuna ajuaye itaelekea wapi, ingawa mimi hujidanganya kwamba najua.

Mke wangu hutengeneza meno bandia. Kutwa ameinama juu ya meno ya nta, mkono haumtikisiki. Mezani yeye ni Radi, askari mwenye upanga mrefu kuliko mlango, na hapo mkono hautulii hata kidogo. Kinyozi, rafiki yangu tangu shule, ni mchawi aitwaye Ndevu Saba. Ndevu zake zinafika magotini na ole wake atakayezigusa. Wa tatu ni Mwalimu, anayefundisha hesabu na kusimamia mitihani. Yeye ni mwizi. Jina lake Kivuli, na hajawahi kukamatwa.

Jumamosi ya kwanza shangazi alikuwa chumbani, mguu juu ya mito miwili, mlango wazi. Sisi tulikuwa tumefika darajani. Nikasimulia: bonde refu, daraja la mawe, na katikati ya daraja zimwi mwenye rungu la chuma, kichwa chake kikubwa kama pipa.

"Namkata," akasema mke wangu, dadu tayari mkononi.

"Kwani amefanya nini?" Sauti ilitoka chumbani.

Tukatazamana. "Nani, shangazi?" nikauliza.

"Huyo wa darajani. Amefanya nini hata akatwe?"

"Shangazi, ni zimwi," Kinyozi akamweleza kwa adabu.

"Nimesikia ni zimwi, mwanangu. Sikuuliza kabila lake."

"Amezuia daraja," nikasema.

"Amewekwa na nani?"

Nikaangalia karatasi yangu. Kuhusu zimwi yule nilikuwa nimeandika mistari miwili: nguvu kumi na nane, silaha rungu. "Amewekwa na... mfalme wa zamani," nikasema.

"Zamu yake inaisha saa ngapi?"

Hapo tukasikia magongo. Shangazi akajitokeza mlangoni, nywele zimefungwa kitambaa, miwani puani. Kinyozi akainuka kumpisha kiti. Mwalimu akasema shikamoo, akaitikiwa, na shangazi akaketi akiniangalia kama alivyowaangalia abiria miaka yote ile. Nami, kama abiria yeyote mwenye jambo, nikaanza kutoa jasho.

"Haina mwisho," nikasema. "Aliambiwa asimame mpaka aje mwenzake wa kumpokea. Mwenzake hakuja."

"Tangu lini?"

"Miaka kumi na tisa."

Sijui namba ile ilitoka wapi. Nilichoona ni mke wangu kuweka dadu mezani.

"Kumi na tisa?" akasema. "Anakula nini?"

"Samaki," nikasema. "Ana kamba na ndoana. Anavulia palepale darajani, maana hawezi kuondoka."

Mchana wote ule hatukuvuka daraja. Walimuuliza zimwi yule nyumbani kwao ni wapi, kama ana ndugu, kama usingizi anaupata. Kinyozi, ambaye Ndevu Saba wake hajawahi kumsaidia mtu bila kujigamba, alimwashia moto kwa uchawi na hakusema neno. Ilikuwa karibu saa kumi na moja shangazi alipogonga meza kwa kidole.

"Na mimi nataka mtu wangu kwenye karatasi. Aandikwe mkaguzi. Silaha hana. Ana chaki, taa na daftari."

"Na udhaifu wake?" nikauliza, kalamu mkononi.

"Utauona mwenyewe."

Nikamwandika. Mkaguzi akasogea mpaka mbele ya zimwi. Shangazi akanyoosha mgongo, akakohoa kidogo, akasema kwa sauti ya kazini: "Afisa, zamu yako imekwisha. Nimekuja kukupokea. Unaweza kwenda nyumbani."

Nilikuwa na sauti maalumu ya zimwi, nzito ya kutoka tumboni. Haikutoka. Nikasema kwa sauti yangu ya kawaida: "Na daraja je?"

"Daraja halitakimbia," shangazi akamwambia. "Nenda, baba."

Zimwi akaweka rungu chini, akaondoka akigeuka nyuma kila hatua chache. Mwalimu akavua miwani akaifuta. Radi akavuka daraja bila kumwaga tone la damu, na mke wangu akasema hajui afurahi au akasirike.

Wiki mbili zilizofuata shangazi alikuwa wa kwanza mezani. Tulipoingia katika mapango yenye njia mia, alipiga chaki kila mlango tuliokwisha kuupita, na ndivyo wenzangu walivyogundua kwamba walikuwa wanazunguka palepale. Nilikuwa nimetumia jioni tatu kuyachora mapango yale. Chaki iliyamaliza kwa nusu saa. Aliwahoji mizimu. Aliwahoji majambazi wawili mpaka mmoja akakiri wizi ambao hata mimi sikuwa nimeubuni.

Ila chungu kimoja hakiwaridhishi walaji wote. Jumamosi ya nne Mwalimu hakuja. Kinyozi ndiye aliyepasua jipu.

"Anasema tumegeuka ofisi," akanong'ona. "Anasema, 'Zamani tuliiba na kukimbia. Siku hizi tunajaza fomu.'"

Masikio ya shangazi hayakuwa yamevunjika. Siku ile alicheza kimya, hakuuliza hata swali moja, na ulikuwa mchezo mbaya kuliko yote niliyowahi kusimulia. Kesho yake aliomba simu yangu. Akampigia Mwalimu, akamwambia: "Mwanangu, njoo tunywe chai. Bila dadu."

Mwalimu akaja, amechomekea shati kama mtu aliyeitwa ofisini. Tuliketi sote watano. Shangazi hakumlaumu. Alimuuliza jambo moja tu: kwa nini mwizi?

Mwalimu akazungusha kikombe. "Shangazi, mimi kazi yangu ni kutazama," akasema mwishowe. "Nani anachungulia, nani amefungua karatasi kabla ya wakati. Hata kwenye harusi najikuta nahesabu watu walioketi mstari wa nyuma. Jumamosi nataka kuwa yule anayetazamwa, halafu haonekani."

Shangazi akacheka mpaka akashika mguu wake. "Basi sisi ni ndugu," akasema. "Mimi pia nilichoka kutazama. Nilitazama vitu tu. Watu sikuwatazama."

Ndipo akatueleza habari ya sanduku la kahawia. Ni miaka ishirini na sita sasa. Mwanamume wa makamo, suti safi, aliliweka juu ya meza ya bati na kulifungua mwenyewe kabla ya kuambiwa. Ndani mlikuwa na viatu thelathini na viwili vya kiume, vyote vya mguu wa kushoto. Vimepigwa rangi, vimepangwa mistari, kila kimoja kina karatasi laini ndani.

"Havikukatazwa," shangazi akasema. "Havina ushuru. Nyuma yake kulikuwa na foleni ya ndege nzima. Nikapiga chaki, nikamwambia apite. Hakupita mara moja, akasimama pale ananitazama. Nilijua anangoja nimuulize. Nikasema, 'Anayefuata.'"

"Alikuwa muuza viatu," Mwalimu akasema haraka. "Sampuli. Wanabeba vya upande mmoja ili visiibwe." Akajitetea: "Mwizi anajua hayo."

"Na mimi niliwaza hivyo, baba. Ila vilikuwa vimevaliwa. Soli zimelika, kila kimoja kwa namna yake."

Tulikaa na viatu vile mpaka chai ikapoa. Kinyozi alidhani ni vya marehemu. Mke wangu alidhani ni vya watu waliopoteza mguu mmoja, na mtu yule alikuwa akiwapelekea wengine wanaovaa namba hizohizo. Mwalimu akatoa kalamu akaanza kupiga hesabu kwenye bahasha, ya nini sijui. Alipoondoka alimwambia shangazi, "Jumamosi nitakuja. Lakini nitakuibia hiyo chaki."

"Jaribu," shangazi akasema.

Sasa lilibaki joka, na joka ndilo lililoninyima raha. Tangu mwanzo wa safari ile, miezi minne nyuma, mfalme alikuwa amewatuma wakamuue joka aliyelala mbele ya mlango mmoja ndani ya mlima. Ramani ya mlima niliichora kwa wino. Nilijua joka ana magamba mangapi. Nyuma ya mlango nilikuwa nimeandika neno moja: "hazina." Kwa kundi la zamani lingetosha. Kwa shangazi? Angeuliza hazina ya nani, imefikaje, na mbona mlango una kitasa kwa ndani.

Wiki ile kazini nilichora ramani ya nyumba ya ghorofa mbili yenye choo kisicho na mlango. Bosi wangu, msanifu majengo asiyecheka ovyo, aliiweka mbele yangu akauliza, "Huyu mtu ataingia humu kwa miujiza?" Nikaomba radhi. Jioni nikamfuata shangazi.

"Shangazi, unadhani mle ndani ya mlima kuna nini?"

Akaziba masikio kwa viganja viwili. "Usiniambie wala usiniulize! Tangu lini mkaguzi akapanga mzigo wa abiria?"

Nilifikiria kuweka viatu vya kulia, thelathini na viwili. Nikaona aibu. Ingekuwa kama kumchezea mtu kidonda chake. Nikararua karatasi.

Jumamosi ya mwisho kabla ya plasta kukatwa, wote walifika kabla ya saa nane. Radi akaingia pangoni upanga nje. Ndevu Saba akazungusha ndevu zake shingoni. Kivuli akapita ukutani bila kusikika. Dadu ilimpa kumi na tisa. Joka akafumbua jicho moja, kubwa kama dirisha la duka.

"Ngoja kwanza," shangazi akamwambia mke wangu, kisha akanigeukia. "Bwana Joka, shikamoo. Humo ndani mna nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo tu. "Mtu mmoja ataingia aone," nikasema kwa sauti ya joka. "Mmoja peke yake. Lakini akitoka hataweza kusema alichokiona, milele."

Nikaeleza kanuni: atakayeingia nitakwenda naye jikoni, nitamwambia yeye peke yake, na sisi wawili tutanyamaza hata nje ya mchezo.

"Aende shangazi," Kinyozi akasema.

"Lazima shangazi," akasema mke wangu.

Shangazi mwenyewe alikuwa anamtazama Mwalimu. "Wewe hutaki?"

Mwalimu akaangalia mlango wa jikoni. Alitaka, kila mtu aliona. "Nataka," akasema. "Lakini mimi nikijua nitanyamaza bila taabu. Wewe utateseka. Nenda, nataka kuona utafanyaje."

"Mwizi kweli wewe," shangazi akasema, akachukua magongo.

Jikoni nilimvutia kiti karibu na dirisha, nikafunga mlango. Nikamwambia. Naandika hapa kwa ruhusa yake, maana alinipa baadaye kwa sharti kwamba wale watatu wasome wakati mmoja. Ndani ya chumba kile hamkuwa na dhahabu. Mlikuwa na kiti kimoja na dirisha. Dirisha lilitazama upande wa pili wa mlima, upande ambao katika miaka mitatu sikuwahi kuuchora. Huko chini kulikuwa na nchi nzima: mashamba, moshi wa majiko, barabara, watu wanaanika nguo. Mfalme hakujua kwamba ipo. Joka alikuwa amelala mbele ya mlango ili mfalme asijue.

Shangazi akaegemeza magongo ukutani. Kisha akauliza, "Wanaanika nguo za rangi gani?"

Nikamwambia. Akauliza kama wana mbwa. Akauliza barabara ile inapanda mlimani au inaukwepa. Akauliza kama yupo mtu yeyote kule chini anayetazama juu, na kama akitazama anaona nini. Nilikuwa najibu kabla ya kufikiri, na kila jibu lilizaa lingine, mpaka nikahisi kwamba hata mimi nilikuwa nimesimama pale dirishani. Birika lilichemka likakauka. Mke wangu aligonga mlango. "Mnaishi huko sasa?"

Tulirudi baada ya dakika arobaini. Shangazi aliketi, mdomo ameubana kama mkoba. Walimvamia kwa maswali: ni kikubwa? Ni kiumbe? Kinauma? Akatikisa kichwa kwamba hawezi. Niliona vile swali lilivyo tamu kwa anayeuliza na chungu kwa anayejua. Machozi yalimlenga, na alikuwa akicheka.

"Sasa mimi nifanyeje?" mke wangu akalalamika. "Mfalme kasema niue. Miezi minne nanoa upanga huu. Shangazi, niue au nisiue?"

Shangazi akanitazama. Mwalimu ndiye aliyeinua kidole, kama mmoja wa wanafunzi wake.

"Joka alisema hataweza kusema *alichokiona*. Hakusema kwamba haruhusiwi kutoa ushauri."

Nikakubali, lilikuwa tundu halali, na mwizi ndiye aliyeliona.

"Ungekuwa wewe ndiye Radi," mke wangu akamuuliza shangazi polepole, "ungempiga?"

"La," shangazi akasema. "Hata kwa kijiti."

Mke wangu alikaa na dadu mkononi muda mrefu. Hakuwa ameona kitu, hakuambiwa kitu, na mchezoni amri ya mfalme ilikuwa nzito. Kisha akasema, "Radi anarudisha upanga alani." Uso wake ulikuwa wa mtu aliyenyang'anywa sahani. Sikuweza kuvumilia, nikawaleta askari wa mfalme palepale mlangoni, ishirini na wanne, wamekuja kuhakikisha joka anakufa. Mke wangu akaruka kitini. Alirusha dadu, ikazunguka, ikaanguka chini ya meza, na sote tukapiga magoti kuitafuta, isipokuwa shangazi, aliyeiona kwanza.

"Ishirini!" akapiga kelele. "Mkwe wangu, ishirini!"

Ilikuwa vita nzuri. Ndevu Saba alipoteza nusu ya ndevu zake kwa moto, na Kinyozi aliomboleza kwa dhati. Joka alipigana upande wetu. Kivuli alimwibia kapteni wa askari barua ya mfalme, na hivyo yeye na wenzake wakajua mfalme alikuwa anashuku kuna kitu nyuma ya mlango ule. Wote wanne hawakurudi tena kwa mfalme. Hadithi yangu ya miezi minne ikaishia hapo, na nyingine ikaanza ambayo sikuwa nimeipanga.

Plasta ilikatwa Jumatano. Shangazi alirudi kwake akitembea polepole, ameshika mkono wangu. Baada ya hapo alikuja kila Jumamosi kwa miguu yake mwenyewe. Alinyamaza miezi miwili. Mke wangu alinibembeleza, akaninunia, akanibembeleza tena. Kinyozi alijaribu kunihonga kwa kuninyoa bure. Mwalimu hakuuliza hata mara moja. Alimtazama shangazi tu, anafurahi.

Halafu Jumapili moja asubuhi simu ikalia, nami nimeketi mezani na karatasi kubwa mpya, nachora upande wa pili wa mlima.

"Nilikuwa nawaza," shangazi akasema bila salamu. "Wale watu wetu. Mtoto akipotea sokoni, wanamwitaje? Wanapiga ngoma, wanapaza sauti, au wanakaa kimya wote ili wamsikie?"

Nikaweka kalamu chini. Sikujua. Nikamwambia anipe nusu saa.